Waachieni wasichana waipange safari ya Unguja

Ratiba ya safari ya kikosi cha girl guides kutoka bara kwenda Mji Mkongwe wa Zanzibar haihitaji kipaji kuiandika. Mwalimu mlezi huketi na karatasi yake, akapanga boti ya asubuhi, Ngome Kongwe, Beit al-Ajaib, kanisa la Mkunazini, soko la Darajani, chakula cha jioni Forodhani, na kesho yake boti ya kurudi Dar es Salaam. Mchango hutangazwa, barua hupelekwa kwa wazazi, na wasichana huambiwa siku ya kuripoti na nguo za kubeba. Safari za namna hiyo huenda na kurudi salama, picha hupigwa, wala hakuna anayelalamika. Lakini kikosi kilichokwenda hivyo hakikusafiri, kimesafirishwa. Hoja ya makala haya ni kwamba kazi ya kupanga, kuanzia kuchagua tarehe hadi kujumlisha nauli, ni ya wasichana wenyewe, na mtu mzima anayewafanyia kazi hiyo kwa nia njema anawanyang'anya sehemu ya safari yenye manufaa kuliko zote.

Hili si wazo jipya lililoletwa na semina za malezi. Robert Baden-Powell alipowakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliwagawa katika vikundi vinne, kila kimoja kikiongozwa na mvulana mwenzao, na mpango huo wa vikundi vidogo ndio uliokuja kuwa uti wa mgongo wa uskauti kila ulikofika. Wasichana hawakuwamo. Septemba 1909, kwenye mkutano mkubwa wa skauti katika jumba la Crystal Palace jijini London, walijitokeza wasichana ambao hakuna aliyewaalika, wakiwa wamekwisha kujiundia vikosi vyao, wakataka nao watambuliwe. Mwaka uliofuata chama cha Girl Guides kikaanzishwa, na Agnes, dada yake Baden-Powell, akakiongoza mwanzoni. Kwa hiyo chama ambacho leo walezi wake wanawapangia wasichana hadi saa ya kunywa chai kilizaliwa na wasichana waliojipangia safari bila kumngoja mtu. Sisemi wa kwetu nao watoroke kwenda Unguja. Nasema mtu akiukumbuka mwanzo huo hatastuka akisikia kwamba binti wa miaka 14 anaweza kukabidhiwa kalenda na daftari la hesabu.

Tuanze na kalenda, kwa sababu hapo ndipo watu wazima hukosea bila kujua. Juni huchaguliwa kwa kuwa shule zimefungwa, basi. Wasichana wakipewa swali hilo walitafute wenyewe watagundua kwamba tarehe ya kwenda Unguja ina mambo matatu yanayovutana: likizo, upepo na mfungo. Juni na Julai ni kipindi cha kusi, na mkondo wa bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja huwa na mawimbi ya kutapisha hata watu wazima. Desemba kaskazi imeanza na bahari huwa tulivu zaidi, ila ndio msimu wa watalii na vyumba hupanda bei. Nao mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Ukiangukia kwenye safari, mchana sehemu nyingi za kula hufungwa, na si adabu kundi la wageni kutembea likila mitaani mwa watu waliofunga. Msichana aliyeyapima mambo haya na wenzake, wakabishana, wakapiga kura, amejifunza jiografia na heshima kwa wenyeji kwa mkupuo mmoja. Aliyepewa tarehe amejifunza tarehe.

Kisha kuna suala la mahali pa kwenda. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ni mdogo kwa eneo, na kutoka Forodhani hadi Mkunazini ni mwendo mfupi wa miguu. Udogo huo humdanganya mpangaji akajaza vituo kumi kwa siku moja. Halafu kuna ratiba za kunakili. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu ya mbele tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Ratiba iliyonakiliwa ya zamani bado italitaja kama mahali pa kuingia na kupanda ngazi. Kikundi cha wasichana sita kilichopewa kazi ya kupiga simu kila mahali, kuuliza kama pamefunguliwa, kiingilio cha mwanafunzi Mtanzania ni kiasi gani na saa ngapi pana watu wachache, hakiwezi kufanya kosa hilo. Na kikishajua kwamba limeanguka, kitauliza kwa nini nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye boriti za mikoko, huhitaji kutunzwa kila mwaka. Hapo ziara ya nje ya jumba bovu itakuwa somo zuri kuliko ziara ya ndani ya jumba zima.

Mkunazini panaonyesha tofauti hii kwa ukali zaidi. Kanisa kuu la Anglikana lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa kwa mkataba, na juu ya ardhi ya soko lenyewe. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, wamesimama ndani ya shimo. Mgeni hushushwa kwenye vyumba viwili vya chini, dari ya kuinamia, vibaraza vya mawe pande mbili, na vitundu vyembamba vya kuingizia hewa, akaambiwa kwamba hapa ndipo watumwa walipofungiwa kabla ya kuuzwa. Wapo wanahistoria wanaoyahoji maelezo hayo, kwa sababu jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Biashara yenyewe haina shaka. Walioteseka ni maelfu kwa maelfu, wanawake na watoto wakiwa wengi. Kinachobishaniwa ni vyumba. Msichana aliyesoma kabla ya kwenda anaweza kusimama palepale akamuuliza mwongozaji kwa adabu: jengo hili la juu ni la mwaka gani? Msichana aliyeletwa atapiga picha na kupanda juu. Historia inayofundisha kuuliza swali la namna hiyo ndiyo pekee inayostahili nauli ya boti, na haifundishwi siku ya safari; hufundishwa wiki za matayarisho.

Tena wasichana wakichagua wenyewe, orodha hubadilika sura. Ratiba ya kawaida imejaa masultani, wamisionari na wapelelezi, wanaume watupu. Ilhali mji huu ndio wa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa mwaka 1844, wakati mabinti wa kasri walipofundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika. Alijifundisha kuandika kwa siri, akiiga herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, akiwa na miaka kama 15, ndugu zake waliokula njama ya kumpindua kaka yao, Sultani Majid, na kumweka Barghash walimfanya mwandishi wao wa barua, kwa kuwa kalamu aliiweza. Njama ilishindwa, naye akabaki na chuki za kifamilia kwa miaka. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa meli, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake. Kasri la Mizingani kwa miaka mingi limekuwa na chumba cha kumbukumbu zake. Vivyo hivyo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa akiingia mjini kuuza vyungu na mwaka 1928 akavuka hadi Bombay kurekodi nyimbo za taarabu. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Kikundi kimoja kikipewa Salme, kingine Siti, kila kimoja kikachora njia yake na kuwaongoza wenzao kwa saa moja, mji utakuwa na watu ndani yake.

Pingamizi kubwa ni usalama, na ni halali. Wazazi wa Ukanda wa Pwani hawajasahau MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, wala MV Skagit iliyozama Julai 2012 katika upepo mkali ikitoka Dar es Salaam. Mzazi anayesema mambo ya bahari si ya kuachiwa watoto anasema kweli. Lakini kupanga si kuamua kila kitu. Kuna mambo ya mtu mzima na yabaki kwake: chombo gani cha kupanda, kuahirisha bahari ikichafuka, nani analala wapi na chini ya ulinzi wa nani, fedha zinawekwa mkononi mwa nani. Na walezi wanawake wawe wa kutosha, kiasi kwamba hakuna msichana anayejikuta peke yake na mtu mzima mmoja. Ndani ya mipaka hiyo, ushiriki wa wasichana unaongeza usalama. Baada ya Spice Islander, mojawapo ya maumivu ya familia ilikuwa kutojulikana kwa hakika ni nani na nani walikuwa melini. Orodha ya majina, namba ya simu ya mzazi, ugonjwa na dawa ya kila msafiri, nakala moja ibaki shuleni, moja kwa mlezi na moja kwa kila kiongozi wa kikundi: kazi hiyo wasichana huifanya kwa uangalifu kuliko karani yeyote, kwa kuwa majina ni yao.

Ukifika mjini ni hivyo hivyo. Msafara wa wasichana 30 kwa mstari mmoja katika vichochoro vya Mji Mkongwe hukatika kila inapopita vespa au mkokoteni, na mwalimu anayehesabu vichwa 30 huhesabu hadi achoke. Kiongozi wa kikundi anahesabu watano wenzake kwa kutupa jicho. Zaidi ya hapo, wasichana wanajua hatari ambazo mpangaji, hasa akiwa mwanaume, hazimjii akilini: mapapasi wa ufukweni wasiokubali kuambiwa hapana, choo kisicho na komeo, njia ya giza kati ya mahali pa kula na pa kulala. Wanajua pia kwamba taulo za kike ni lazima ziwe kwenye begi la huduma ya kwanza. Kwenye kikao cha kupanga mambo haya husemwa. Kwenye boti huwa wamekwisha kuchelewa.

Wengine watasema wasichana wakiachiwa watachagua Forodhani na kupiga picha mchana kutwa. Inawezekana, na sioni msiba. Urojo na juisi ya miwa ni sehemu ya Unguja sawa na ngome, na anayejua kuuliza bei kabla ya kuagiza amepata elimu ya kutosha jioni hiyo. Isitoshe, daftari la hesabu hutibu ndoto upesi. Wakishaandika basi, boti ya kwenda na kurudi, malazi, viingilio, mwongozaji, chakula, maji na akiba ya dharura, watakuta jumla imepita uwezo wa wenzao wawili watatu, na hapo ndipo watakapoamua jambo zito: kufuta kiingilio kimoja, kulala kwenye bweni la shule badala ya hoteli, au kuuza maandazi kwa miezi mitatu ili asibaki mtu. Uamuzi huo ukifanywa na mwalimu ni msaada. Wakiufanya wao ni udugu, na hakuna beji inayoweza kuufundisha.

Limebaki pingamizi la muda, ambalo walimu hulisema kwa sauti ya chini: kupanga na watoto ni kazi mara tatu. Kweli, ni kazi. Jioni moja ya mwalimu inageuka kuwa vikao vya muhula mzima, na baadhi ya vikao vitaishia kwenye mabishano ya rangi ya fulana. Anayetaka tu kuwapeleka watoto kuona Zanzibar, mawakala wa safari wapo na wanaifanya kazi hiyo vizuri. Hakuna haja ya kuwavisha sare. Lakini mlezi wa girl guides anayekusudia kwenda Unguja ndani ya mwaka, basi aitishe kikao cha kwanza mapema Januari, agawe vikundi, awape simu yenye vocha, daftari na kalenda, awasomee mipaka yake mitano sita, kisha akae pembeni na ajibu anapoulizwa.