Dirisha la mbao bado lina kazi Tanga

MKAZI wa Tanga, Pangani au Mkinga anayejenga akifikia hatua ya madirisha huulizwa na fundi: aluminiamu na kioo, au mbao? Siku hizi wengi hujibu aluminiamu bila kufikiri mara mbili, kwa kuwa inapendeza. Lakini madirisha hula fedha nyingi, na kwa mfanyabiashara aliyehifadhi magunia ya mahindi au mifuko ya saruji ndani, kioo kikivunjika siku ya dhoruba hasara haiishii kwenye kioo.

Upepo ukipenya dirisha lililovunjika hujaa ndani na kusukuma paa kwenda juu, huku ule unaopita nje ukilivuta. Bati linaweza kung'oka kwa sababu ya dirisha moja tu. Huko Florida, Marekani, baada ya Kimbunga Andrew cha mwaka 1992, kanuni za ujenzi zilikazwa. Kuna kioo cha tabaka mbili zilizoshikanishwa kwa utando wa plastiki, ambacho hujaribiwa kwa kurushiwa bao la kilo 4 hivi kwa mwendo wa karibu kilometa 55 kwa saa. Kinaweza kupasuka, lakini hakiachi tundu. Wengine huko hubaki na kioo cha kawaida na kukifunika kwa vifuniko vya chuma au mbao dhoruba inapokaribia.

Je, Tanga inahitaji kioo hicho? Mji uko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, na vimbunga hupata shida kujikusanya karibu na ikweta. Si kwamba mwambao haujawahi kupigwa. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Kimbunga Jobo cha Aprili 2021 kilipungua nguvu kabla ya kufika nchi kavu, lakini Hidaya kiliingia Mafia Mei 4, 2024.

Hata hivyo, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa tahadhari ya Hidaya siku kadhaa kabla. Mwenye dirisha la mbao alikuwa na muda wa kutosha kulifunga. Kwa nyumba nyingi za Tanga, basi, kioo cha kawaida ndani na mbao nje, hasa upande wa bahari na unakovuma kusi, vinatosha. Fedha inayobaki iende kufunga kenchi kwenye ukuta kwa nondo au waya mnene, jambo ambalo mafundi wengi hulipitia haraka.

Mbao ina faida nyingine ya kila siku. Dirisha la kioo la kuteleza hufunguka nusu tu, na joto la Februari mwambaoni halihitaji maelezo. Mbao yenye vibao vya kulala hupitisha hewa hata ikiwa imefungwa, na mvua ya masika haiingii ovyo.

Mbao ya mitiki haiko mbali, kwani shamba la miti la Longuza liko Muheza. Ni mbao inayostahimili mchwa na maji. Mbao laini lazima zitiwe dawa kwanza. Bawaba za chuma cha kawaida huliwa na chumvi ya bahari, hivyo za shaba, ingawa ni ghali, ndizo nafuu baadaye. Komeo ziwe mbili, juu na chini, maana upepo ukivuta dirisha kwa nje, komeo ndiyo inayolishika.

Mwenye nyumba anayeishi Dar es Salaam hana wa kumfungia. Huyo afunge mbao kabla ya kuondoka, au atafute jirani wa kuaminika na kumwachia ufunguo.

Kabla fundi hajachomelea nondo, apime kama mkono unapita katikati yake na kufikia komeo ya nje. Wavu wa mbu nao uwe wa kuteleza, la sivyo itabidi mtu atoke nje kwenye mvua kufunga kila dirisha.