Kiti cha Kuchambia Kisichotumia Umeme

Nyumba za kale za Lamu zina birika chooni, lenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Lakini mzee mwenye baridi yabisi hupata taabu kujipinda na kopo. Ukitaka kumnunulia kiti kinachorusha maji, usidhani lazima kiwe cha umeme. Nguvu hutoka kwenye tangi: kadiri linavyoinuliwa ndivyo maji yanavyotoka kwa kasi, nalo likiwa chini utapata matone tu. Pima kwanza nafasi baina ya matundu mawili nyuma ya bakuli. Kwa kawaida ni kama sentimita 14. Penye maji ya chumvi epuka vali ya chuma, itashika kutu. Tena ufungue kidogo kidogo, kwani maji makali humuumiza mwenye bawasiri.