Uwanja wa ndege wa Goma: namna mita za pisti zinagusa bei ya shu



Katika mkutano mmoja huko Masisi, mama mmoja alituuliza: «Ninyi maagronomu mnatuletea habari za uwanja wa ndege, na sisi hatujapanda ndege hata siku moja. Inatuhusu nini?» Watu walicheka, lakini ulizo lilikuwa la kweli. Tukamwuliza fromaji yake inaliwa wapi. Akajibu: «Ingine inaenda mpaka Kinshasa.» Basi, mama, fromaji yako imepanda ndege kabla yako.

Hakuna kamiyo inayoweza kutoka Goma na kufika Kinshasa kwa siku chache. Kitu kinachooza kinapita hewani, ao hakifiki. Ndiyo maana historia ya uwanja huu ni historia yetu pia.

Goma iko kwenye urefu wa zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya huku juu ni nyepesi. Ndege yenye mzigo inapaswa kukimbia mbali zaidi mbele ya kupaa kuliko ile ya Matadi ao ya Kinshasa. Kwa hiyo pisti, ile barabara ndege inakimbilia, ilikuwa na urefu wa karibu mita 3,000. Mwezi wa saba 1994 ulimwengu wote uliona faida yake. Karibu watu milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache tu, na uwanja wa mji huu mdogo ukapokea ndege kubwa za mizigo za nchi mbalimbali zikileta chakula, maji na dawa.

Kisha, tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilipasuka. Lava ilishuka mpaka ndani ya mji na kufunika upande wa kaskazini wa pisti. Kwa miaka mingi ndege zilibaki na karibu mita 2,000 tu za kutumia.

Hapa ndipo mkulima anaingia. Tuseme ndege moja inakodiwa kwa dola 10,000 na inabeba tani 10. Kila kilo inalipa dola 1. Pisti ikiwa fupi, rubani anapunguza mzigo ili aweze kupaa salama. Akibeba tani 7 na bei ya ndege ikibaki ile ile, kila kilo inalipa karibu dola 1 na senti 43. Nani analipa hizo senti 43? Mnunuzi wa Kinshasa hataki kuongeza. Mchuuzi wa Goma hataki kupoteza. Zinashuka mlima pole pole mpaka kwa yule aliyelima shu. Tumechukua mfano tu, lakini kila kooperative inaweza kufanya hesabu yake namna hiyo.

Na si pesa tu. Tarehe 15 mwezi wa ine 2008, ndege ya aina ya DC-9 ilishindwa kupaa, ikavuka mwisho wa pisti na kuingia Birere, mahali watu wanauzisha na kununua kila siku. Watu karibu 40 walikufa. Uwanja ule umezungukwa na nyumba na masoko, kwa hiyo usalama wa pisti ni usalama wa wachuuzi wetu pia.

Mwaka 2015, Banki ya Dunia ilikubali mradi wa dola milioni 52 kwa kuongeza usalama wa uwanja. Katika miaka ile ile, ndege za Ethiopian Airlines zilianza kuunganisha Goma na Addis-Abeba. Lakini tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ilipasuka tena, na lava ikasimama karibu na uwanja. Ndege zilikatika kwa muda. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia mjini, uwanja ulifungwa.

Tunajifunza nini? Mlango huu ni mzuri, lakini unaweza kufungwa kwa usiku mmoja. Shu iliyokwisha kukatwa haiwezi kungoja. Sisi wenyewe tuliwahi kushauri kikundi kimoja kupanda shu yote kwa juma moja, sababu mnunuzi aliahidi ndege. Ndege haikuja. Tuliona mifuko ikioza kando ya njia, na shauri lile lilikuwa letu. Tangu siku ile tunasema hivi:

Kwanza, msipande shu yote siku moja. Gaweni shamba, mpande kila majuma mawili, ili ndege ikikosekana mpoteze sehemu, si yote.

Pili, pesa kubwa ya kooperative ikae katika vitu vinavyongoja: maharagi yaliyokauka vizuri, viazi vilivyowekwa mahali penye giza na hewa, fromaji iliyokomaa.

Tatu, andikeni pamoja na mnunuzi: ndege isipokuja, nani anabeba hasara? Neno la mdomo linasahauliwa mizigo ikianza kunuka.

Ine, tafuteni soko la pili mbele ya kulihitaji. Kwa wale walio karibu na ziwa, mashua za Bukavu zinabeba viazi bila kuuliza urefu wa pisti.

Yule mama wa Masisi alituambia mwishoni: «Kumbe ndege ni kama mvua. Unaitumainia, lakini unaweka akiba.» Katika mkutano wenu unaokuja, mulizane: mlango wa Goma ukifungwa kesho, ni kilo ngapi za kwetu zitaoza juma hili?