Springi Fupi na Barabara za Nakuru

Ukisimama kando ya barabara kuu ya Nakuru jioni ya Jumamosi, hukosi kuliona gari la Subaru lililoinamishwa hata tumbo lake likakaribia kulamba lami. Vijana hulitazama kwa husuda. Nami siwalaumu, kwa maana gari la jinsi hiyo hupendeza, na tena kuna ukweli wa kisayansi ndani ya pambo hilo: kitovu cha uzito kikishuka, gari haliegemei sana ubavu mmoja likikata kona. Ugomvi wangu ni na namna springi zenyewe zinavyochaguliwa. Mnunuzi huuliza swali moja tu: gari litashuka kiasi gani?

Swali hilo lilistahili kuwa la pili. La kwanza ni hili: gari likishashuka, gurudumu litabakiwa na nafasi gani ya kupanda?

Walimu wa fizikia watanisamehe nikiingia shambani mwao. Kwa mujibu wa kanuni ya Hooke, nguvu ya kuiminya springi hulingana na kiasi inavyominyika. Lakini nishati inayohifadhiwa humo huongezeka kwa mraba wa kiasi hicho. Tuseme gurudumu lina nafasi ya milimita 80 kabla ya kufikia mpira wa kizuizi. Ukilishusha gari kwa milimita 40, imebaki nusu. Ili springi mpya ipokee kishindo kile kile ndani ya nusu hiyo, haitoshi iwe ngumu maradufu. Yapasa iwe ngumu mara nne. Hakuna mgongo wa binadamu utakaoivumilia, na watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo sababu zao huzidi za kiwandani kwa ugumu kidogo tu. Kishindo kilichosalia huenda wapi? Huenda kwenye mpira, kwenye shoki, kwenye rimu, na mikononi mwa dereva aliyekutana na tuta gizani.

Na matuta, alhamdulillahi, hatuna uhaba nayo. Ukiiacha lami kuelekea Elmenteita au Naivasha, unakutana na vumbi laini la volkano linaloficha mawe na mashimo. Mwaka 2021, mashindano ya Safari Rally yaliporudi katika ubingwa wa dunia baada ya miaka 19, Thierry Neuville aliianza siku ya mwisho huko Naivasha akiongoza kwa karibu dakika moja. Shoki ya nyuma ikavunjika, ushindi ukamwendea Sebastien Ogier. Na gari lile lilikuwa limeinuliwa kwa ajili ya njia mbovu!

Wapo wasio na fedha za springi mpya, nao humwomba fundi azikate za zamani kwa msumeno, au azipashe moto zilegee. Springi ya mizunguko sita ikikatwa mmoja, ugumu wake huongezeka kwa sehemu moja ya tano tu, ilhali urefu umepotea; gurudumu likining'inia shimoni, springi yaweza kuchezacheza na kutoka kitakoni pake. Moto ni mbaya zaidi, kwa kuwa huua ukakamavu wa chuma. Kazi hiyo fundi mwaminifu huikataa.

Mimi ningeridhika na milimita 20 au 25, springi za mbele na za nyuma zikiwa zimetengenezwa kwa gari lile lile, pamoja na shoki zinazoweza kuutuliza ugumu wake. Kisha magurudumu yapimwe upya, maana pembe zake hubadilika.

Lakini kabla ya kulipa hata shilingi moja, funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye fimbo ya kila shoki, karibu na bomba lake. Pakia abiria watatu nyuma, uzunguke juma zima katika njia zako za kawaida, kisha uchungulie kamba imesukumwa hadi wapi. Ikiwa imefika kwenye mpira na springi ni zile za kiwandani, gari hilo halina hata milimita moja ya kupunguza.