Mazungumzo Yanayotangulia Maneno

Mtoto huzaliwa akiwa amekwisha kuanza kusikiliza. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito masikio yake hufanya kazi. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walionyesha kwamba watoto wasiotimiza hata siku tatu hubadili namna ya kunyonya chuchu bandia ili wasikie sauti ya mama yao badala ya sauti ya mwanamke mwingine.

Mnamo mwezi wa pili, pamoja na kilio, huanza vijisauti vya kuridhika: "aguu", "eee". Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Mama akiitikia kisha akanyamaza akimtazama, baada ya kitambo mtoto hutoa sauti nyingine, na hivyo hujifunza kupokezana zamu. Kunyamaza huko ndiko kunakosahaulika zaidi. Watu wazima wengi humsemesha mtoto mfululizo, wasimpe nafasi ya kujibu.

Kati ya mwezi wa sita na wa kumi husikika "ba-ba-ba" na "ma-ma-ma". Baba hufurahi kwamba ameitwa, ingawa kwa kawaida mtoto bado anachezea midomo tu. Furaha hiyo hata hivyo ina faida, kwa kuwa sauti inayoitikiwa hurudiwa. Wakati huohuo sikio linachagua. Mtoto wa miezi sita aliyezaliwa Japani hutofautisha sauti za r na l, lakini karibu na mwaka mmoja uwezo huo hufifia, kwa sababu Kijapani hakiuhitaji.

Kisha kidole huanza kusema kabla ya ulimi. Mtoto anayeelekeza kidole kwa kuku uani anauliza swali, na jibu lake ni jina: "Eeh, kuku! Kuku anakula mtama." Shughuli za kila siku zinatosha kabisa kwa kazi hii. Wakati wa kumwogesha hutajwa mkono, mguu na maji ya vuguvugu. Wakati wa uji, kijiko na moto. Naye aliye mgongoni kwenye mbeleko husimuliwa kinachopikwa. Bibi, kaka, dada na yaya wana nafasi sawa na mama, na vitu vya kuchezea vya bei kubwa havihitajiki.

Neno la kwanza huja karibu na mwaka mmoja, na kufikia miaka miwili wengi huunganisha maneno mawili. Mtoto anayejifunza Kiswahili mara nyingi huacha viambishi vya mwanzo vya kitenzi akasema "taka maji". Kumkaripia au kumlazimisha arudie hakusaidii. Inatosha kumrudishia sentensi kamili ndani ya jibu: "Unataka maji? Haya, maji haya hapa."

Simu na televisheni hazifanyi kazi hiyo. Katika utafiti wa Patricia Kuhl na wenzake uliochapishwa mwaka 2003, watoto wa Marekani wa miezi tisa waliocheza na mtu aliyezungumza Kichina walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliomwona mtu kama huyo kwenye skrini hawakujifunza. Shirika la Afya Duniani halipendekezi skrini kwa mtoto wa chini ya miaka miwili.

Nyumba yenye lugha mbili, tuseme Kisukuma cha bibi na Kiswahili cha wazazi, haimcheleweshi mtoto. Anaweza kuzichanganya kwa muda, na maneno yake huhesabiwa kwa lugha zote kwa pamoja. Lawama nyingine huangushiwa udata, ule utando ulio chini ya ulimi. Unaweza kusumbua unyonyaji au matamshi ya baadhi ya sauti, lakini hauelezi kwa nini mtoto hasemi kabisa, na kuukata kiholela nyumbani huleta damu na maambukizi.

La kuchunguzwa mapema ni usikivu. Mtoto asiyeshtuka kwa kishindo, asiyetoa sauti za "ba-ba" wala kuonyesha kitu kwa ishara akiwa na mwaka mmoja, asiye na neno lolote katika mwezi wa kumi na nane, au asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili, apelekwe kituo cha afya. Aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo apelekwe mara moja, awe na umri wowote. Masikio hupimika hata kwa mtoto mchanga, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri akue.