Desturi za Krismasi Zinazofaa Kuachwa

Ndugu wakulima, mwezi wa Novemba umekwisha ingia. Katika skimu zetu nyingi mahindi yanavunwa, na baada ya majuma machache watoto wetu waliomo Nairobi watapanda magari kuja nyumbani kwa Krismasi. Hapana mzazi asiyefurahi kuwaona. Lakini katika mambo yafanywayo siku zile, yako mengine ambayo watu wa mjini na watu wa shambani wangefurahi kuyaacha kama wangejua namna ya kuyaacha bila kumkosea mtu. Makala haya ni juu ya mambo hayo.

Wanakokaa watoto wetu

Wengi wetu tuna watoto au ndugu katika mitaa ya Kibera na Kawangware. Kibera iko kusini-magharibi ya katikati ya jiji. Jina lake latokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu, kwa kuwa askari Wanubi wa King's African Rifles walipopewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na miti mingi. Kawangware iko magharibi ya jiji, upande wa Dagoretti. Wakaaji wake wengi wametoka magharibi ya Kenya, hata mtu wa Lugari akitembea huko hawezi kwenda mbali kabla ya kusikia lugha ya kwao.

Katika mitaa hiyo jamaa nzima aghalabu hukaa katika chumba kimoja cha mabati au cha udongo. Kodi hulipwa kila mwezi, na maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Kazi ya wengi ni kibarua: mjengo, ulinzi, kufua nguo za watu, au kuuza mboga na mitumba. Asiyekwenda kazini leo hana ujira wa leo. Yafaa tuyakumbuke hayo tunapomwona kijana akishuka garini na mizigo, maana mizigo ile haisemi imepatikanaje.

Desturi ilianzaje

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na ikafika Kisumu mwaka 1901. Njia hiyo ya kwenda Kisumu hupita katikati ya Kibera mpaka leo. Katika siku za ukoloni Mwafrika mfanyakazi alihesabiwa mjini kuwa mpita njia tu. Alipewa nafasi ya kulala peke yake, naye mkewe na watoto walibaki shambani. Siku kuu za Desemba zilikuwa nafasi yake ya kwenda kuwaona, akachukua sukari, majani ya chai, leso ya mama na shati la mtoto, vitu ambavyo mara nyingi havikupatikana karibu na nyumbani.

Desturi ile ilikuwa na sababu njema. Lakini tazameni mambo yalivyogeuka. Leo mke na watoto wamo Nairobi pamoja na baba, kwa hiyo nauli iliyokuwa ya mtu mmoja imekuwa ya watu watano. Sukari yauzwa katika kila duka la skimu, na bado kijana aibeba kutoka Nairobi kilometa mia kadhaa, ili asionekane amekuja mikono mitupu. Sababu imekwisha, mzigo umebaki.

Hesabu ya mjini

Tufanye hesabu kama ile ya shuleni. Bei nitakazotaja ni za mfano, kila mtu na aweke zake. Tuseme nauli ya siku za kawaida ni Sh. 1,000 kwa mtu mmoja, nayo katika juma la Krismasi hupanda hadi Sh. 2,000. Baba, mama na watoto watatu, kwenda na kurudi, watalipa Sh. 20,000 badala ya Sh. 10,000. Tuongeze nguo mpya za watoto Sh. 6,000, na vitu vya kugawia wazee, shangazi na majirani Sh. 5,000. Jumla ni Sh. 31,000. Kama ujira wa siku ni Sh. 600, fedha hizo ni kazi ya siku 52, yaani miezi miwili ya kazi, kabla hajala wala kulipa kodi.

Fedha hizo hutoka wapi? Mara nyingi hukopwa kwa simu. Wazee wetu waliopata mashamba baada ya mwaka 1962 katika mpango wa ekari milioni moja walipewa mkopo wa ardhi wa kulipwa kwa miaka 30, na wengi wao wajua jinsi deni lile lilivyowanyima usingizi. Mikopo mingi ya simu hudaiwa baada ya siku 30. Mkopo wa Krismasi wadaiwa katika Januari, mwezi ule ule wa karo, sare na vitabu. Si ajabu watu wa Nairobi wameupa mwezi huo jina la Njaanuari.

Tena kuna hatari ya njiani. Siku zile magari hujaa, madereva hurudia safari bila kulala, na wengi husafiri usiku. Tarehe 31 Desemba 2017, kabla ya mapambazuko, basi na lori viligongana pale Migaa katika barabara ya Nakuru na Eldoret, na watu 36 wakafa.

Hesabu ya shambani

Huku kwetu nako kuna hesabu, ijapokuwa hatuiandiki. Mzee asikiapo kwamba wageni wanakuja, huuza magunia mawili matatu ili apate unga wa ngano, mafuta na mchele. Huuza katika Desemba, wakati kila jirani auza, na mahindi hayajakauka kufikia unyevu wa asilimia 13.5 unaotakiwa kwa kuweka ghalani. Mnunuzi ajua hayo yote, naye hutaja bei anayoitaka. Kisha katika Mei au Juni mzee yule yule huenda sokoni kununua mahindi kwa gorogoro, kwa bei ya juu kuliko aliyouzia.

Wengine huchinja mtamba au mbuzi mwenye mimba, kwa kuwa ndiye aliyenona. Mtamba huchukua karibu miaka miwili na nusu au mitatu kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Mtu amemlisha na kumwogesha dawa ya kupe muda wote huo, kisha maziwa ya miaka ijayo yanaliwa kwa siku mbili.

Tusisahau jikoni. Mkaza mwana amesafiri usiku kucha na mtoto mgongoni. Asubuhi apewa unga akande chapati za watu thelathini, na jioni bado yuko motoni akisugua sufuria, hali wanaume wamekaa chini ya mti wakisifu chapati. Chapati yenyewe hapana anayetaka iachwe. Linalofaa kuachwa ni kumwachia mtu mmoja kazi yote, tena yule aliyechoka kuliko wengine.

Nani aseme kwanza?

Hapa ndipo penye shina la jambo. Mtoto huko Kawangware akopa kwa sababu adhani wazazi wamngojea na mizigo. Mzazi huku auza mahindi kwa sababu adhani mtoto amezoea vya mjini na atadharau ugali na mboga. Kila mmoja aumia kwa ajili ya mwenzake, na kila mmoja angeshukuru kama mwenzake angesema, "Mwaka huu tupunguze." Lakini hapana asemaye, maana kila mmoja aogopa kuonekana bahili au mtu aliyeishiwa.

Basi nani aanze? Kwa maoni yangu ni sisi tulioko nyumbani. Mtoto akisema hawezi kuja, au atakuja bila kitu, watu watasema mji umemharibu. Lakini mzazi akimwambia, "Mwanangu, usikope kwa ajili yetu," hapana wa kumlaumu mtoto. Mwenye kudai ndiye awezaye kusamehe, na katika jambo hili sisi tumewekwa mahali pa mdai, hata kama hatukudai.

Mambo ya kufanya

Twaweza kujaribu haya mwaka huu:

1. Piga simu kabla Novemba haijaisha. Ukingoja Desemba, mkopo utakuwa umekwisha chukuliwa na nguo zimenunuliwa. Sema waziwazi usichokihitaji.

2. Wasije wote katika juma moja. Mmoja aje Krismasi, na mwingine aje na watoto katika likizo ya Aprili, nauli inaposhuka. Waliopanda mahindi katika Machi huwa na palizi wakati huo, na mikono huwa haba. Mjukuu ataujua mstari wa mahindi, jambo ambalo hatalijua akija siku za kula tu.

3. Badala ya mizigo ya dukani, watoto wachange mfuko mmoja wa mbolea. Mwaka 2023 Serikali ilishusha bei ya mbolea ya ruzuku hadi Sh. 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Ndugu watano wakichanga Sh. 500 kila mmoja katika bei hiyo, wamempa mzee zawadi itakayoonekana ghalani Krismasi ijayo.

4. Sare ya shule ihesabiwe kuwa nguo ya Krismasi. Mtoto aivae siku hiyo ikiwa mpya, na katika Januari aende nayo darasani.

5. Usiuze mahindi mabichi kwa ajili ya karamu. Kausha, pima unyevu, weka ghalani. Ukihitaji fedha, uza jogoo au mboga.

6. Usichinje mnyama wa kuzaa. Nyumba nne au tano zaweza kununua dume moja zikagawana nyama, au kila nyumba ikachinja majogoo wake.

7. Wanaume wachote maji, wapasue kuni, na vijana wasukume chapati. Mkono wa mwanamume haudhuriwi na unga.

8. Mgeni asirudi mjini mikono mitupu. Debe la mahindi makavu na kilo chache za maharagwe zitamlisha Kibera katika Januari, wakati kila kitu chake ni cha kununua.

Yasiyofaa kuachwa

Sisemi Krismasi iachwe. Ibada na ibaki, na mababu wawaone wajukuu wao. Walio na makaburi ya jamaa wayapalilie pamoja, na magomvi ya mipaka yazungumzwe kwa upole wenyewe wakiwapo. Tena liko jambo jema la huko mjini ambalo lafaa tuige. Wasiosafiri hubaki mtaani na jirani zao, naye jirani Mwislamu hupelekewa sahani ya chapati siku ya Krismasi, na siku ya Idi sahani hurudi na pilau. Desturi hiyo haihitaji mkopo.

Katika ofisi za kilimo, mwezi wa Februari ndio mwezi wa maswali ya mbegu na mbolea, na jibu tusikialo mara nyingi ni kwamba fedha zimekwisha. Ukiuliza zilikwisha lini, utatajiwa Desemba. Ardhi haijui kwamba tulikuwa na sikukuu, na mvua ya Machi haimngojei mtu alipe madeni yake.

Basi, ndugu mkulima, leo jioni kabla ya kulala, keti na mama watoto mwandike katika daftari vitu vitatu msivyotaka mtoto avinunue mwaka huu. Kisha mpigieni simu mumsomee. Tunawatakia mavuno makavu na Krismasi ya amani.