Nyufa Zilizofichika Katika Barafuto

Barafuto ni mto wa barafu uendao polepole mno kwa uzito wake wenyewe. Barafu ya chini, iliyogandamizwa, hunyumbuka. Lakini tabaka la juu, lenye unene wa makumi machache ya mita, halinyumbuki. Kwa hiyo barafuto ipitapo juu ya kilima cha mwamba, tabaka hilo huvutwa likapasuka. Baadaye upepo hulundika theluji kwenye kingo za ufa mpaka zikutane. Hapo hutokea daraja la theluji, na msafiri haoni ila uwanda mweupe.

Tarehe 14 Desemba 1912, Douglas Mawson, Xavier Mertz na Belgrave Ninnis walikuwa Antaktika, takriban kilomita 500 kutoka kambini kwao. Mertz alitangulia kwa skii, akavuka. Mawson akavuka akiwa ameketi juu ya sleji yake. Ninnis, aliyekwenda kwa miguu kando ya sleji ya pili, akatumbukia pamoja na mbwa sita na sehemu kubwa ya chakula. Wenzake walimwita kwa saa kadhaa, hakuitika.

Kwa nini daraja lililowabeba wawili lilimwangusha wa tatu? Tukumbuke kwamba kanieneo ni kani gawanya kwa eneo. Mtu wa kilo 70 asimamaye kwa wayo mmoja wa sentimita za mraba 200 huikandamiza theluji kwa uzito wa gramu 350 katika kila sentimita ya mraba. Akisimama juu ya skii moja yenye eneo la sentimita za mraba 1,200, uzito huo hupungua hadi gramu 58 hivi, yaani sehemu moja ya sita. Yamkini tofauti hiyo ndiyo iliyomwangamiza Ninnis.

Mertz alifariki Januari 1913. Mawson, akiwa peke yake, naye alitumbukia ufani. Lakini alikuwa amejifunga kamba kwenye sleji, nayo ikamzuia. Alikwea, ukingo ukamomonyoka, akaanguka tena. Akakwea mara ya pili. Alifika kambini tarehe 8 Februari.

Kanuni za usalama zatokana na mambo hayo. Wasafiri hufungana kwa kamba isiyolegea. Huvuka ufa kwa pembe mraba, wasije wakawa wote juu ya ufa mmoja. Atanguliaye huchoma theluji kwa fimbo ndefu. Tena huvuka alfajiri, jua lisijalainisha daraja. Misafara ya magari siku hizi hutanguliza rada ipenyayo theluji.

Mwanafunzi aweza kuchora wayo wake juu ya karatasi ya miraba, ahesabu eneo lake, kisha akokotoe kanieneo yake mwenyewe.